Nani Alipie Somo la Moto

Nilifanywa zimamoto bila kuulizwa. Asubuhi moja nilifika kwenye yadi ya baraza la mji wa Thika kuchukua lori langu, lile la kumwagia maji barabara za udongo wa murram ili vumbi lisiwaingie watu madukani, nikakuta karatasi imegongomewa mlangoni. Ilikuwa na majina ya watu sita, langu likiwa la pili baada ya la mnyapara wetu. Juu yake paliandikwa kwamba hao ndio kikosi cha zimamoto cha mji. Wenzangu walikuwa wazibua mitaro, wazoa taka, na mmoja mkata nyasi. Niliwasomea, maana waliojua kusoma tulikuwa mimi na yeye tu, na yule wa nyasi akauliza kama mshahara utaongezwa. Haukuongezwa.

Tulipewa pampu ya magurudumu mawili ya kufungwa nyuma ya lori, mipira minne ya maji, mmoja ukiwa na tundu, na kofia tatu za chuma kwa vichwa sita. Kisha tukafundishwa. Mzungu aliyekuwa karani mkuu wa baraza, ambaye sote tulimwita Bwana Karani, alisimama kwenye ngazi za ofisi akatusomea kijitabu cha Kiingereza tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, jua likitupiga utosini. Alipomaliza akakifunga na kuuliza, "Nyinyi nasikia?"

Mnyapara akajibu, "Tumesikia, bwana," ili twende tukanywe chai.

Basi. Shule yetu ya moto ilianza na kuisha hapo kwenye ngazi.

Huyo mnyapara alikuwa Mkikuyu wa makamo, mwembamba, aliyekuwa amerudi kutoka vita vya Wazungu na koti la jeshi na tabia ya kukagua kila kitu mara mbili. Mimi ni Mkamba, wazazi wangu walikuwa na shamba mashariki ya Thika, na yeye hakuniita kwa jina hata siku moja. "Mkamba," angesema, "umekaza hiyo boliti?" Ningesema nimekaza, naye angeenda kuikaza tena. Nami nilimwita mzee, jambo lililomuudhi, kwa kuwa alijiona bado kijana.

Mwaka wa kwanza mambo hayakuwa mabaya. Tulizima nyasi kando ya reli, tukazima vibanda viwili mtaa wa Majengo, tukazima jiko la hoteli moja ya chai. Huo ni moto wa kawaida. Ukiumwagia maji unakufa, na watu wanakupigia makofi. Lakini mji ulikuwa unabadilika mbele ya macho yetu. Kila ukipita upande wa reli unakuta kiwanda kipya kimeota: hapa wanatengeneza ngozi, pale wanasaga magome ya miti ya miwati, kule wanapika matunda na kuyatia makoponi. Na kila kiwanda kina mapipa nyuma yake, na mapipa yenyewe yana maandishi ambayo hata sisi wasomi wawili hatukuyaelewa.

Mnyapara ndiye aliyeanza kukosa raha. Vitani alikuwa amewekwa kwenye uwanja wa ndege, na huko aliona askari wa moto wakifanya kazi. Alituambia kwamba moto wa mafuta haupigwi na maji, kwamba wale askari walikuwa na dawa ya kufanya povu, na kwamba kuna namna ya kuingia kwenye nyumba yenye moshi na namna ya kutoka. Lakini yeye alikuwa mbeba mizigo tu, aliona kwa mbali. "Nimeona watu wakipika," alisema, "lakini sijui chumvi wanatia kiasi gani. Tufundishwe na wanaojua."

Tukaenda wawili kwa Bwana Karani. Alitusikiliza akiwa amesimama, kofia mkononi, tayari kwenda kula.

"Nyinyi nataka shule ya moto?" akasema. "Moto iko moto. Maji iko maji. Shule ya nini?"

"Bwana, kuna moto wa mafuta," mnyapara akasema.

"Andika barua," Bwana Karani akasema, akaenda zake.

Nikaandika. Nilikuwa na mwandiko mzuri wa misheni na niliuchosha mwandiko huo kwa barua za moto kwa muda ambao hata sitaki kuukumbuka. Tuliomba watu wawili tu wapelekwe Nairobi, kwa zimamoto wa huko, wakajifunze moto wa viwandani, kisha warudi wawafundishe wengine. Barua ya kwanza ilijibiwa kwamba jambo hili ni la wenye viwanda, kwa kuwa moto tunaoutaja ni wa viwanda vyao. Tukaandika kwa wenye viwanda. Wakajibu kwamba wao hulipa kodi kwa baraza, na kuzima moto ni kazi ya baraza. Tukarudisha majibu hayo kwa baraza. Baraza likaandika kwa wakubwa wa jimbo. Wakubwa wa jimbo wakasema fedha zote za wakati huu zinakwenda kwenye usalama, maana ilikuwa miaka ile ya Hali ya Hatari, serikali ikipigana na wapiganaji wa msituni na Wakikuyu wakitembea kwa pasi, na wakashauri baraza lizungumze na wenye viwanda.

Mpaka leo nikikumbuka mzunguko ule kichwa kinaniuma. Hakuna aliyesema hapana. Laiti angetokea mtu mmoja mkweli akasema hapana! Kila barua ilikuwa na adabu, kila barua ilikubali kwamba mafunzo ni jambo jema sana, na kila barua ilitusukuma mlango wa jirani. Mke wangu alikuwa akiniona nimeinama kwenye taa na karatasi, ananiuliza, "Wameshakubali?" Namwambia, "Wamekubali. Hawajalipa."

Siku ya sabuni ilikuwa Jumanne, saa nane mchana.

Kulikuwa na kiwanda kidogo cha sabuni, banda la mabati lenye matangi mawili makubwa ya kuchemshia mafuta ya ng'ombe. Mpagazi mmoja alikuja mbio hadi yadi, anahema, anasema tangi moja limeshika moto. Tukaruka kwenye lori. Hapakuwa mbali. Tulipofika, wafanyakazi wote walikuwa nje, hakuna aliyeumia, na ndani ya banda tuliona ule moto umekaa juu ya tangi, mwekundu, umetulia kana kwamba umewekwa pale makusudi. Ungeweza kuusogelea. Nadhani ungeweza hata kuufunika.

Mnyapara alisema hivyo hivyo. "Usifungue maji! Mabati! Leteni bati tulifunike!" Akaanza kung'oa bati lililokuwa limeegemezwa ukutani.

Lakini mwenye kiwanda, Mzungu, alikuwa amesimama kando yangu, uso umemwiva, ananipigia kelele sikioni. "Maji! Maji, wewe! Ngoja nini? Leta maji!" Nami nilikuwa nimeshika mpira. Mkata nyasi alikuwa kwenye pampu, akasikia neno maji kutoka kwa Mzungu, akafungua.

Nilikuwa na nafasi ya kuugeuza mpira nikamwage ukutani. Nimeifikiria nafasi hiyo mara nyingi. Sikuugeuza. Nilimtazama mwenye kiwanda, nikamtazama mnyapara anayekuja na bati lake mbele ya tangi, na maji yakaenda yalikokuwa yameelekezwa.

Mtu ambaye hajaona mafuta yanayowaka yakimwagiwa maji hawezi kuelewa. Tangi zima lilifoka. Moto ulipanda hadi darini, ukashuka kama mvua, na mnyapara alikuwa chini ya mvua hiyo. Bati ndilo lililomwokoa kichwa. Mikono iliyoshika bati haikuokoka. Tulimtoa, tukamviringisha ardhini, na banda likaungua lote mbele yetu, tukiwa tumesimama na maji yetu ambayo sasa niliogopa hata kuyaona.

Alilazwa katika wadi ya Waafrika, mikono imefungwa bendeji hadi kwenye viwiko. Nilikwenda kila jioni baada ya kazi. Siku ya nne nikasema, "Mzee, mpira ulikuwa mkononi mwangu."

"Nilikuona," akasema.

"Nisamehe."

Akasema, "Mkamba, ungefundishwa usingemsikiliza yule mtu. Mtu aliyefundishwa hasikii kelele. Mimi mwenyewe nilisema mabati, lakini nilisema kwa sauti ya mtu asiye na hakika. Ndiyo maana hamkunisikia." Halafu akageuza uso ukutani. Mke wake, aliyekuwa amekaa kitandani kando yake akimlisha uji kwa kijiko, hakunitazama kabisa. Yeye hakunisamehe upesi, na sikumlaumu.

Bwana Karani alikuja wadini mara moja. Nilikuwepo. Alikuwa na daftari, akauliza kwa nini mnyapara hakuvaa glavu.

"Glavu gani, bwana?" mnyapara akauliza.

"Glavu ya moto."

"Hatuna glavu za moto, bwana."

Akaandika. Sijui aliandika nini. Ninachojua ni kwamba mwezi uliofuata mgeni mkubwa alikuwa anakuja kuutembelea mji, na sisi watano tuliobaki tukaitwa stoo tukapewa nguo mpya: makoti ya bluu yenye vifungo vya shaba, mikanda mipana, na kofia, safari hii moja kwa kila kichwa. Tukapigishwa gwaride asubuhi mbili. Gwaride tulifundishwa vizuri sana! Alitafutwa sajini wa polisi akatufundisha kugeuka kushoto na kugeuka kulia mpaka tukalala nalo. Mgeni alipita, akatazama vifungo, akasema kikosi kinapendeza.

Hapo ndipo niliacha kuandika barua nikaanza kutembea kwa miguu.

Nilipata ruhusa ya siku moja nikaenda Nairobi, kwenye kituo cha zimamoto, nikamtafuta mkufunzi wao. Alikuwa Mzungu mzee, mfupi, sikio moja limekunjamana kwa moto wa zamani. Nilimweleza habari ya tangi. Alinisikiliza hadi mwisho, na huyo ndiye mtu wa kwanza mwenye cheo aliyenisikiliza hadi mwisho. Akasema nafasi ziko, mafunzo ya wiki sita, awamu inayofuata si mbali. Anachohitaji ni mtu wa kulipia chakula, malazi na vifaa vitakavyochomwa na kuharibiwa. "Lete watu wawili," akasema. Nikarudi Thika nimejaa matumaini kama mjinga.

Bwana Karani akasema akimpeleka mmoja, kesho wazoa taka wote watataka kwenda shule.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kihindi, mjane, aliyeuza vitambaa na mafuta ya taa katika mtaa wa maduka. Nilikuwa nikimwagia maji barabara ya mbele ya duka lake kila asubuhi, na kila asubuhi alinilalamikia, ama maji ni mengi au ni machache. Siku ile aliniona nimesimamisha lori na nimeinamisha kichwa kwenye usukani.

"Wewe mgonjwa?" akauliza.

Nikamwambia yote. Sijui kwa nini nilimwambia yeye. Labda kwa sababu alikuwa wa kwanza kuuliza.

Alisikiliza huku anakunja kitambaa. Akasema, "Mwaka jana jiko ya hoteli nashika moto, nyinyi nakuja, nalowesha vitambaa yangu yote. Moto iko kule, maji nakuja hapa. Mimi nacheka? Mimi nalia." Akakiweka kitambaa chini. "Hapa nyuma iko mafuta ya taa. Mapipa. Mimi nalala juu yake na watoto. Nani nataka wewe ujue kazi kuliko mimi?"

Alifunga duka saa ile ile, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya, akaenda mlango kwa mlango katika mtaa wake. Mnyapara alipotoka hospitali, mke wake naye, yule ambaye alikuwa hanisemeshi, alikwenda naye sokoni kwa wauza mboga, akasimama katikati yao akawaonyesha mikono ya mume wake. Hakuhutubia. Aliishika tu mikono ile akaiinua. Wauza mboga, wanawake ambao walihitaji ruhusa hata ya kwenda kuchota maji katika siku zile, walifungua vitambaa walivyofungia fedha. Mchungaji wetu akapitisha kikapu. Baada ya wiki mbili tulikuwa na kiasi cha kutosha kulipia watu wawili, tena kimezidi kidogo.

Nikakipeleka kwa Bwana Karani ndani ya kopo la biskuti. Nilifikiri atafurahi. Alilitazama lile kopo kana kwamba nimemletea nyoka.

"Hii hapana wezekana," akasema. "Baraza hapana weza kupokea. Hapana kifungu."

"Kifungu gani, bwana?"

"Kifungu ya kupokea."

Nikafungua kifuniko, nikasema polepole: "Bwana, mlisema hakuna fedha. Hizi hapa."

"Kama mimi napokea hii, watu watasema kazi ya baraza nalipwa na soko."

"Lakini ndivyo ilivyo, bwana."

Akaniambia nitoke.

Mwishowe nilikwenda Nairobi kwa fedha hizo, katika likizo yangu ya mwaka. Nilikuwa nimeziacha siku zangu zikusanyike kwa miaka miwili ili nikamjengee mama yangu nyumba ya bati, nikamtumia salamu kwamba angoje. Mtu wa pili alikuwa awe mnyapara, lakini yeye kama Mkikuyu alihitaji pasi ya kukaa Nairobi wiki sita, na ofisi ya pasi ilitaka barua ya mwajiri, na mwajiri alikuwa ni Bwana Karani. Nikaenda peke yangu. Fedha za mtu wa pili mama Mhindi akaziweka.

Kule Nairobi tulikuwa kumi na wawili. Siku ya tatu mkufunzi alitupeleka uani, akaweka chini karai kubwa la mafuta, akaliwasha. Akasema tumtazame. Akachukua kifuniko, akakitelezesha kutoka upande wake kwenda mbele, moto ukazimika. Akakiacha hapo. "Usikiinue," akasema. "Ukikiinua haraka unawaka tena. Ngoja upoe." Kisha akamimina kikombe kimoja tu cha maji kwenye karai jingine lililokuwa likiwaka, kikombe kikiwa kimefungwa kwenye mti mrefu, ili tuone. Wenzangu waliruka nyuma. Mimi sikuruka, nilikuwa nimeshauona.

Somo lote lilikuwa fupi kuliko muda wa kuvuta sigara moja. Niliomba ruhusa nikaenda nyuma ya ukuta. Watu wanadhani nililia kwa huzuni. Nililia kwa hasira. Barua zote zile, vifungo vyote vile vya shaba, mikono ya mtu imekunjamana kama mizizi, kwa somo la sigara moja! Mkufunzi alikuja akasimama karibu nami, akanipa kitambaa chake, kisha akaniambia nirudi, kuna somo la moshi.

Nilirudi Thika na daftari limejaa. Jioni baada ya kazi tulikutana nyuma ya yadi, sisi watano na mnyapara. Vidole vyake havikufunga tena, havikuweza kushika hata kikombe bila kutumia mikono yote miwili, na baraza lilikuwa limemweka kuwa mlinzi wa lango. Lakini akili yake ilikuwa na njaa. Nilimsomea daftari, naye alikuwa ananikatiza: "Rudia hapo. Kwa nini unaanzia chini? Kwa nini unafunga bomba la mafuta kwanza?" Baada ya wiki chache alikuwa analijua daftari kuliko mimi, na anafundisha kwa ukali kuliko mkufunzi wa Nairobi. Mkata nyasi aliniambia kwamba anaogopa moto kidogo na mnyapara sana.

Asubuhi moja simu ililia yadini. Ilikuwa kutoka Ruiru, kiwanda cha kukobolea kahawa. Injini ya dizeli ilikuwa imeshika moto, ghala la kahawa kavu liko ukuta mmoja nayo, na magari ya Nairobi yalikuwa yote kwenye moto mwingine. Bwana Karani hakuwepo ofisini. Nilijua kabisa kwamba lori haliruhusiwi kuvuka mpaka wa mji bila sahihi yake. Niliwasha.

Mnyapara alitoka langoni, akapanda mbele kando yangu.

"Mzee, pasi yako ni ya Thika tu."

"Endesha."

Pale karibu na Juja palikuwa na kizuizi cha askari. Kengele yetu inalia, pampu inaruka nyuma, watu wenye kofia za chuma wamening'inia ubavuni, na askari mmoja akainua mkono tusimame. Akadai pasi. Moja moja. Akafika kwa mnyapara.

"Huyu haruhusiwi kupita."

"Tunakwenda kwenye moto!" nikasema. "Tazama kule, moshi ule!" Na kweli moshi ulikuwa umeanza kuonekana, mweusi, upande wa Ruiru.

"Moshi nauona. Pasi yake ni ya Thika."

Ningeweza kumshusha. Sheria ilitaka hivyo, na muda ulikuwa unakwenda. Lakini nilikuwa nimeshika usukani kama nilivyoshika mpira siku ile, na kulikuwa na mtu anayenipigia kelele, na safari hii sikumsikia. Nikamwambia askari, "Andika namba ya lori. Andika jina langu. Nikirudi nifunge." Nikatoa breki. Alilazimika kuinua mti wa kizuizi kwa sababu lori lilikuwa limeanza kutembea. Nilingoja risasi. Haikuja.

Tulipofika kiwandani, wafanyakazi walikuwa wamepanga mstari kutoka mtoni, madebe ya maji yanapita mkono kwa mkono, na wa mbele alikuwa tayari ameinua lake. Dizeli ilikuwa imemwagika chini ya injini na ilikuwa inawaka.

"Weka debe chini!" Mnyapara alipiga kelele kutoka kwenye lori, na haikuwa sauti ya mtu asiye na hakika. Debe likawekwa chini. Hata meneja wa kiwanda, Mzungu mrefu aliyekuwa akiamrisha maji, alinyamaza. Nilitambaa upande wa nyuma nikafunga bomba la mafuta. Mnyapara aliwageuza wale watu wa madebe wakalowesha magunia na kuyakamua, wengine wakaleta udongo mkavu kwa makarai, wakazungushia ile dizeli kwanza isikimbilie ghala, kisha wakaimwagia. Tulitandika magunia juu ya injini kama mtu anavyomfunika mtoto, kutoka upande wetu kwenda mbele. Ukuta wa ghala tuliupoza kwa maji ya pampu. Hakuna aliyeungua. Ghala halikupoteza gunia hata moja.

Meneja alikuja, akaitazama injini yake iliyojaa udongo, akauliza nani atalipia kuisafisha.

Nilicheka. Wenzangu walidhani nimepata wazimu.

Askari wa kizuizi aliandika namba ya lori kama nilivyomwambia, na barua ya baraza ilinifikia baada ya siku nne. Lori limevuka mpaka bila idhini. Mlinzi wa lango ameacha lindo. Mimi nilikatwa mshahara. Mnyapara alifukuzwa. Niliingia ofisini bila kubisha hodi, nikamwambia Bwana Karani kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwa Mzungu kwamba mtu aliyefukuzwa ndiye zimamoto pekee mjini, sisi wengine ni vifungo vya shaba tu. Nadhani yeye pia alikuwa amechoka, sasa ninapofikiria; naye alikuwa na mtu wa juu anayemwandikia barua. Akasema, "Mikono yake kwisha. Hapana shika mpira."

"Hakushika mpira Ruiru," nikasema. "Alishika watu."

Hakuibadili barua. Lakini mwaka uliofuata baraza lilipitisha watu wawili waende Nairobi, kwa fedha za baraza na wenye viwanda nusu kwa nusu. Nilisikia ikisomwa kwamba ni wazo la Bwana Karani mwenyewe. Nilihesabu kofia nikaenda nyumbani. Zile fedha za mtu wa pili mama Mhindi alizitumia kununua ndoo za mchanga kwa mtaa wote, zikapakwa rangi nyekundu, na watu wakawa wanazimia sigara humo, jambo lililomfanya alalamike kila asubuhi.

Na mnyapara? Yule meneja mrefu wa Ruiru, injini yake ilipokwisha kusafishwa, alituma mtu Thika kumtafuta "yule mzee wa mikono mibaya." Alimpa kazi ya kulinda kiwanda dhidi ya moto, na nyumba ya mawe ya chumba kimoja, na pasi ikapatikana kwa siku moja, maana sasa aliyeitaka alikuwa Mzungu mwenye kahawa. Hilo nalo liliniudhi, lakini niliudhika nikiwa nafurahi.

Nilimtembelea Jumapili moja baada ya ibada. Mke wake alinipokea mlangoni, akanipa kiti, akanimiminia chai, akauliza habari ya mama yangu na kama nyumba yake ya bati imeanza. Nilimwambia bado. Nyuma ya nyumba nilisikia sauti ya mzee akiwafokea wachuma kahawa, wanawake ishirini hivi waliokuja siku yao ya mapumziko kwa hiari yao, wamezunguka sufuria inayowaka mafuta.

"Si hivyo!" anasema. "Unakitupa kifuniko kama unamfukuza kuku! Telezesha! Tena, wewe mama wa kitambaa cha kijani, rudi mwanzo!"

Mama wa kitambaa cha kijani akamwambia kwamba ana watoto saba, na amezima sufuria nyingi kuliko yeye. Wenzake wakacheka. Mnyapara naye, nilimwona kwa pembe ya ukuta, aligeuka pembeni ili wasimwone akicheka, kisha akaagiza sufuria iwashwe upya.